Shefu Atakuwa Komine

Mimi ni shefu, mkubwa wa avenyu moja, mtaa mmoja wa hapa Goma, upande wa juu wa barabara inayoteremka Kituku. Ni cheo kidogo. Juu yangu yuko shefu wa kartie, yenye avenyu nyingi, juu yake yuko mkuu wa komine, na juu ya hao wako wakubwa ambao katika miaka yangu wamebadilika zaidi ya mara moja, wengine kwa karatasi na wengine kwa bunduki. Mimi sijabadilishwa. Nadhani ni kwa sababu kazi yenyewe haina mshahara, na anayeitaka lazima awe mtu wa kupenda kugongewa mlango.

Kwetu mlango uligongwa tangu zamani. Babu yangu alitoka Kasongo, kule Maniema, na mizigo ya vitambaa na chumvi. Akaoa huku na akazikwa huku. Baba yangu aliuza vitenge sokoni, na alikuwa na tabia moja iliyomchosha mama: akisikia kilio mtaani, alifunga duka kabla ya kujua ni nani amekufa.

"Uliza kwanza," mama alikuwa akimwambia.

"Nitauliza nikifika," baba alijibu, huku ameshavaa kofia.

Mimi sikuuza vitenge. Nilikuwa dereva wa lori la Fuso. Nilipandisha sabuni na chumvi Kiwanja, nikarudi na maharagwe na ndizi, na mara nyingine niliendelea hadi Vitshumbi kuchukua samaki, gari likanuka wiki nzima. Asubuhi moja nilikuwa napasha injini moto ili niondoke, jirani akaja mbio. Mke wake alishikwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri na mtoto hatoki. Tukampandisha nyuma, juu ya katoni za sabuni, mama mkwe wake akimshika kichwa, nikaendesha polepole kwenda lopitali kwenye yale mawe meusi ya volkano ambayo wakati ule ndiyo yalikuwa barabara yetu. Nilichelewa Kiwanja siku ile, na tajiri wangu alinifokea. Lakini mtoto alizaliwa, na tangu siku ile watu wakajua kwamba katika parsele ile, kiwanja chetu, kuna gari na kuna mtu asiyekataa.

Baadaye barabara ya Kiwanja iliharibika kwa vita, tajiri akaliuza gari, nami nikabaki nyumbani. Watu hawakuacha kuja. Gari halikuwepo, lakini mlango walikuwa wameuzoea. Nilikwenda nao kwa miguu: lopitali, polisi, makaburini, kwa mwenye nyumba aliyetaka kumtoa mpangaji. Sikuwa najiandaa kwa siasa yoyote. Nilikuwa mtu asiye na kazi, na kutembea na mtu mwenye shida kulinifanya nijione bado niko barabarani.

Shefu wetu wa zamani alipokufa, wakaaji walikutana katika uwanja wa shule kumchagua mwingine. Tulisimamishwa wawili. Mwenzangu alikuwa mama mmoja mjane aliyetoka upande wa Bukavu, Mkatoliki, sekretera wa shule ileile tuliyokutania. Alisema vizuri kunizidi. Alieleza kwamba maji ya mvua kutoka avenyu ya juu yanaingia katika nyumba za chini kwa sababu hatuna mufereji, na akaonyesha kwa kidole ni wapi ungepita. Mimi nilipoambiwa niseme, niliwasalimia tu na kuuliza hali ya mgonjwa fulani. Watu wakajipanga nyuma ya yule wanayemtaka. Mstari wangu ulifika mpaka kwenye lango la shule.

Yule mama alikuja kunipa mkono. Hakutabasamu.

"Muzee," akasema, "watakupenda sana. Lakini maji yataendelea kuingia mu jikoni yangu."

Na kweli yaliendelea. Nilikwenda ofisi ya komine kuomba simenti, nikaambiwa ningoje, nikangoja. Kila mvua kubwa ilipopiga, asubuhi yake yule mama alikuwa mtu wa kwanza kugonga lango langu, na kila mara nilimwambia kwamba jambo lake liko kwa wakubwa. Tulikuwa hatupendani, tuseme ukweli, ingawa tulisalimiana vizuri.

Mke wangu aliyavumilia maisha yale miaka mingi. Chakula kilipoa mezani mara nyingi mno. Ukumbini tuliweka ubao mrefu wa kukalia wageni, na yeye mwenyewe hakuwahi kuukalia. Alisema ule ni ubao wa shida. Halafu ukaja mwaka ambao mabomu yalisikika kutoka upande wa Sake, madirisha yakitetemeka, na binti yetu aliyeolewa Kampala akapiga simu akilia. Mke wangu akafunga mizigo, yake na ya kitinda mimba wetu. Akaniuliza kama afunge na yangu.

"Nitawafuata mambo yakitulia," nikasema.

"Nani atakuambia kwamba yametulia?"

Nje, wakati uleule, watu walikuwa wamesimama langoni wakitaka kujua kama shefu anaondoka. Kama ningeondoka, nusu ya avenyu ingefunga mizigo jioni ile. Nilitoka nikawaambia nipo. Mke wangu alinisikia kutoka ndani. Kesho yake niliwasindikiza mpaka mpakani, nikambeba mtoto begani ingawa alishakuwa mkubwa wa kutembea, na nikarudi nyumbani na funguo zote mfukoni.

Mji ulitulia kwa namna yake. Mke wangu hakurudi na mimi sikwenda. Hatukugombana juu ya jambo hilo. Lilikaa tu kati yetu, kila mmoja akingoja mwenzake alitaje.

Mtu anaweza kudhani kwamba shefu hawezi kuwa mpweke. Mchana kweli hakuna nafasi. Tangu asubuhi ubao umejaa. Lakini jua likizama kila mtu anarudi kwa wake. Wanawake wanawasha makala ya kupikia, watoto wanaitwa kuoga, harufu ya samaki inaruka ukuta, na mimi nafunga lango kwa kufuli kwa ndani kwa sababu ya wezi, kisha napika bugali katika sufuria ndogo kuliko zote. Nilianza kula nimesimama. Sijui ilianza lini. Siku moja niligundua kwamba meza ina vumbi.

Mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaanza, niliamka na baridi ambayo haikuwa ya hewa. Meno yaligongana. Nilijifunika kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba, hata pazia. Baada ya hapo likaja joto, na baada ya joto sikuweza kuinua kichwa. Nilijua ni malaria. Nimewapeleka watu wengi wenye malaria, naijua inavyoingia. Nilisema nitapumzika kidogo, nikipata nguvu nitatoka nikanunue dawa kwenye farmasia ya kona.

Nguvu hazikuja. Simu ilikuwa ukumbini juu ya kiti. Niliisikia ikilia, ikanyamaza, ikalia tena, mpaka betri ikaishiwa moto.

Na watu waligonga. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Chumba changu kiko karibu na barabara, na ukuta wa parsele ni wa mawe meusi yaliyopangwa bila simenti, sauti zinapita katikati yake. Niliwasikia kama wako ndani.

"Hodi. Papa shefu?"

Lango likatikiswa.

"Shefu hayuko," akasema muuza makala, ambaye sauti yake naijua hata nikiwa usingizini. "Atakuwa komine."

"Uyu muzee habakiake ku nyumba," akajibu mwanamke mmoja. "Anatumikia batu sana."

"Mungu amupe nguvu."

"Amina."

Nyayo zikaondoka. Nilifungua mdomo nikaita, nikasikia hewa tu ikitoka. Wengine wakaja. Mmoja alisema ameambiwa niko kwenye msiba kartie nyingine. Mwingine alisema hapana, nimeitwa na wakubwa, jambo la usalama. Kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kuniweka, na kila mahali palikuwa pa heshima. Nililala pale nikisikia sifa zangu, ulimi umekauka, na machozi yakinitoka pembeni mwa macho bila mimi kulia. Sikuwakasirikia. Wangejuaje? Kwa miaka mingi nilihakikisha kwamba mtu akitaka kunipata nyumbani, hanipati.

Siku ikageuka usiku, ikageuka siku tena. Wakati fulani nilijikokota hadi ukumbini kutafuta maji. Mtungi ulikuwa mtupu. Nikaanguka kwenye ubao wa wageni, na pale nikabaki. Mvua ikaanza, ile mvua ya Goma inayopiga mabati mpaka mtu hasikii anachowaza. Nilifurahi, kwa sababu ilifunika kila sauti.

Mvua ilipokatika palikuwa pamekucha. Nikasikia lango likigongwa kwa kiganja, kwa nguvu, na nikajua mara moja ni nani.

"Muzee. Fungua."

Akagonga tena.

"Mama, shefu hayuko," mtu akamwambia kutoka ng'ambo ya barabara. "Atakuwa komine."

"Saa hii? Komine haijafunguliwa."

"Basi atakuwa ameenda kwenye msiba."

Akasogea ukutani. Alikuwa anachungulia kwenye nafasi kati ya mawe, aliniambia baadaye. Aliona kandambili zangu mlangoni na birika langu la udhu limelala pembeni, limejaa maji ya mvua.

"Mutu ataenda kwenye msiba bila viatu?" akauliza. "Muzee! Kama unajificha kwa ajili ya mufereji, leo nitaingia."

Halafu nikasikia jiwe likianguka, na jingine, na jingine. Mwanamke yule, aliyeshapita miaka hamsini, sekretera wa shule, alikuwa anaubomoa ukuta wangu kwa mikono. Watu walianza kukusanyika wakimwambia aache, hii ni parsele ya shefu, ni matusi. Hakuacha. Alitoa mawe mpaka pakawa na nafasi ya kuinua mguu, akapita, kitenge chake kikachanika kwenye ncha ya jiwe. Nilimsikia akisukuma mlango.

Akasimama mbele yangu. Miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini.

"Uko mugonjwa," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Tangu lini?"

Sikujua.

"Na haukuita mutu?"

"Niliita," nikasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza sauti yangu kutoka. "Haikufika."

Alikaa kwenye ncha ya ubao, karibu na miguu yangu. Alitazama ule ukumbi: simu iliyokufa, meza yenye vumbi, sufuria moja.

"Nilikuya kukugombeza," akasema mwishowe. "Maji iliingia usiku wote. Godoro imeloa."

"Gombeza tu, mama."

"Hapana. Nitakugombeza ukipona."

Akachukua ufunguo mezani, akatoka akafungua lango, akaita motari, kijana wa pikipiki. Waliniweka katikati, motari mbele na yeye nyuma amenishika kiunoni, mimi Mwislamu mzee na yeye mama wa kanisa, tukapita avenyu nzima hivyo. Watu walitoka kwenye milango yao.

Kwenye kituo cha afya, infirmière, yule muuguzi, ananifahamu. Nimeshampelekea wagonjwa wengi wasio na ndugu, na kila mara nimekuwa mimi wa kukaa nao kando ya kitanda. Alipotuona tunaingia alichukua kalamu.

"Leo umeleta nani, papa shefu?" akaniuliza, nami nimening'inia kwenye bega la mama.

"Yeye mwenyewe," mama akajibu.

Infirmière aliniangalia vizuri ndipo akaona. Walinilaza, wakanitundikia chupa ya serumu. Kisha akauliza swali ambalo wote huulizwa, na ambalo mimi nimelijibu mara nyingi kwa niaba ya wengine.

"Nani anabaki na mugonjwa?"

Nilifumba macho. Nilipitisha akilini avenyu yote, nyumba kwa nyumba. Nilijua mume gani hanywi tena, mtoto gani amefeli mtihani, bibi gani haoni vizuri jicho la kushoto. Sikupata hata mmoja ambaye ningeweza kumtaja bila kuona haya.

"Andika mimi," akasema yule mama.

Alibaki. Aliniletea uji, akanishikia kikombe. Alichaji simu yangu kwenye duka la jirani, akampigia mke wangu, na akaniwekea sikioni.

"Nilipiga na kupiga," akasema mke wangu. "Haukushika. Nikajiambia, atakuwa na watu wake."

"Ndiyo," nikamwambia. Sikuwa na nguvu ya kusema lingine.

Jioni ya pili homa ilishuka. Yule mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, anachambua mchele kwenye sinia. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza miaka yote ya mufereji: kwa nini alitaka kuwa shefu.

Aliendelea kuchambua.

"Bwana yangu alipokufa," akasema, "watu walijaa kwangu siku za matanga. Wakaenda. Kisha hakuna aliyegonga tena. Watoto wako Bukavu, na wewe unajua njia zilivyo. Nilikuwa natoka shule, nafungua nyumba, nakaa. Kwako naona watu wanaingia na kutoka. Nikasema, nikiwa shefu, hata mimi watanigongea."

"Wangekugongea," nikasema. "Lakini saa ya kula wanaenda kwao."

Aliinua macho. Nadhani alitaka kujua kama namcheka. Alipoona kwamba simcheki, akarudi kwenye mchele wake.

"Sikujua hiyo," akasema.

Niliporudi nyumbani, parsele ilijaa watu. Walikuja na ndizi, na mayai, na makala. Muuza makala alishindwa kunitazama.

"Shefu, tulijua uko komine," akasema. "Haki ya Mungu, tulijua uko komine."

"Najua, mwanangu. Hata mimi ningesema hivyo."

Walikaa kwenye ubao, wakanipa pole, wakamshukuru Mungu. Haikuchukua muda, mmoja akakumbuka bomba la maji, mwingine mpaka wa parsele yake, na kabla chai haijapoa nilikuwa nasikiliza tena. Wala sikuchukia. Ndiyo lugha tunayojua kuongea, mimi na wao. Walipoondoka, nyumba ilinyamaza kama siku zote.

Ukuta niliujenga upya mwenyewe, polepole. Ufunguo wa pili wa lango nikampa yule mama, mbele ya watu ili wasiwe na la kusema, na katika mkutano uliofuata nikapendekeza awe shefu msaidizi. Alikubali kwa sharti kwamba hatungojei tena simenti ya komine. Akaitisha salongo, kazi ya mikono ya wote, Jumamosi asubuhi. Alisimama kwenye matope na fimbo, akitupangia kila mtu pa kuchimba, na mwamba ulipogoma tulileta nyundo kubwa. Kazi haikuisha siku hiyo wala Jumamosi iliyofuata, lakini mufereji upo sasa, na unapita palepale alipoonyesha zamani. Mvua ilipopiga nilikwenda kuuangalia. Maji yalikuwa yanateremka zake kuelekea ziwani. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni yake kavu, mikono kiunoni. Tuliangalia pamoja, kisha nikarudi kwangu.

Siku hizi watu wengi wanagonga kwake. Yeye anaandika, anafuatilia, hasahau. Kwangu wanakuja wazee, na wale wanaotaka tu mtu wa kutembea naye kwenda makaburini. Kuna asubuhi ambazo ubao uko mtupu mpaka adhuhuri. Mwanzoni iliniuma. Nilikuwa natoka langoni kutazama kama kuna mtu anakuja.

Jioni moja mke wangu alipiga simu nikiwa nimeshika sahani. Aliniuliza, kama anavyouliza kila mara, niko na nani. Miaka yote nilimjibu kwamba niko na watu. Sijui kwa nini siku hiyo sikusema hivyo. Labda ule ugonjwa ulinitoa kitu.

"Niko peke yangu," nikasema. "Nakula."

Nikasikia akihamishia simu sikio jingine.

"Unakula nini?"

"Bugali na sambaza."

"Umekaa?"

"Nimesimama."

"Kaa, baba watoto."

Nikavuta kiti. Nikafuta vumbi mezani kwa kiganja, nikaweka sahani.

"Mimi pia niko peke yangu," akasema. "Binti yetu hurudi kutoka kazini usiku. Watoto, hata wetu, wanaongea lugha za huku, mimi nashika nusu. Nimepika wali. Uko hapa mbele yangu, sijaugusa."

"Kula basi."

"Na wewe kula."

Hatukuongea juu ya kurudi wala juu ya kwenda. Niliiweka simu mezani, karibu na sahani, na nikasikia kijiko chake kikigonga bakuli kule Kampala, taratibu, kama alivyokuwa akila siku zote. Nikatafuna. Aliniuliza kama sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, zina chumvi ya kutosha, nikamwambia nimezidisha. Akasema mimi kila mara nazidisha. Tukaendelea kula hivyo, maneno machache, mpaka inite za simu yake zikaisha na simu ikakatika yenyewe.